Boma la Kando ya Barabara

Gari likishapita lango la Loduare na kuumaliza msitu wa ukingoni mwa kreta, dereva huuliza swali alilokwisha kuliuliza mara nyingi mno hata hageuzi shingo: "Boma mtaingia?" Ukishuka upande wa pili wa ukingo kuelekea Serengeti, maboma yanaonekana kwa mbali: duara la uzio wa miiba, nyumba fupi za rangi ya udongo, na langoni kundi la vijana na akina mama waliojifunga lubega nyekundu na za buluu, macho kwenye vumbi la barabara. Vumbi likipunguza mwendo, wanasimama. Wimbo huanza kabla hujafunga mlango wa gari.

Haya ndiyo maboma ya utamaduni ya Ngorongoro: Irkeepusi, Seneto, Loonguku na mengineyo. Yalianza kutengwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo watoto na vijana walijipanga barabarani kuyasubiri magari, picha moja kwa hela kidogo, na wenye hifadhi hawakupendezwa. Ikaonekana afadhali shughuli hiyo iwe na mahali pake na ada yake. Ada hutozwa kwa gari, na kwa wageni wa nje bei iliyozoeleka ni dola 50. Sisi wa ndani hupatana. Nimeona watu wakiona haya kupatana mbele ya boma, kana kwamba ni dhambi kumuuliza mwenyeji bei. Ulizeni. Mmasai ni mtu wa mnada. Anayepeleka ng'ombe sokoni hashangazwi na mteja anayebisha bei, anashangazwa na yule anayetoa noti bila kuhesabu.

Ukishalipa, ratiba hubadilika kidogo sana boma hadi boma. Wanawake husimama upande mmoja, mabega yakitikisa zile kola bapa za shanga, wanaume upande wa pili wakinguruma kwa koo, na vijana hutoka mmojammoja katikati kuruka, miguu imenyooka, visigino havigusi chini. Mgeni huvishwa lubega, hushikishwa rungu, huambiwa aruke naye. Anaruka vibaya, watu wanacheka, picha inapigwa. Baada ya hapo ni moto, kisha nyumba, kisha darasa la chekechea, na mwisho meza za shanga. Haipiti saa moja mko barabarani tena.

Sehemu ninayoipenda ni ya moto. Vijana wawili huchuchumaa. Mmoja hulaza sime chini na kuweka juu ya bapa lake kibao cha mti laini chenye kitundu ukingoni. Mwenzake husimamisha kijiti cha mti mgumu kwenye kitundu na kukipekecha kwa viganja. Viganja vikishafika chini, yule wa kwanza hupokea kutoka juu, na kijiti hakisimami hata kidogo. Unga mweusi huanza kumwagikia kwenye sime na kutoa moshi mwembamba. Hakuna mwali bado, ila ndani ya unga huo mna kaa dogo kuliko punje ya mtama. Huuhamishia kwenye fundo la nyasi na kinyesi kikavu cha punda, huupuliza taratibu, na fundo linashika. Kila kijana pale ana kiberiti au anajua kilipo. Hata hivyo hapa hapana ujanja, moto ama utawaka ama hautawaka. Siku moja ya ukungu mzito nimewaona wakitokwa jasho, unga ukafuka na kuzimika, wakaanza upya, ukazimika tena, na wageni waliokuwa wameshaanza kuchezea simu wakasogea karibu kuangalia. Ni kipande pekee cha ratiba kinachoweza kushindikana mbele za watu. Nafikiri ndiyo sababu hata mtu aliyekuja na shaka zake husahau kwa dakika kadhaa kwamba amelipa.

Ndani ya nyumba mambo hubadilika. Mlango ni mfupi na njia ya kuingilia hukunja kona, kwa hiyo unaingia gizani ukiwa umeinama. Moshi hukupokea kabla ya mwenyeji. Macho yakizoea unaona jiko katikati, vitanda vya fito vilivyotandikwa ngozi, pembeni sehemu ya ndama, na ukutani kitundu cha kupitisha hewa ambacho ngumi mbili zingekiziba. Nyumba hii imejengwa na mwanamke. Ndiye aliyekata fito, akazisuka, akaikandika kwa kinyesi cha ng'ombe, na ndiye anayeikandika tena mvua ikiibomoa. Kila mke ana yake, na mume huingia humo kwa heshima ya mwenye nyumba. Kijana anayewatembeza atayasema haya yote kwa Kiingereza safi. Mwenye nyumba, wakati huo, amekaa ukingoni mwa kitanda na kunyamaza, anazungumziwa.

Nilimsalimu, "Takwenya, yeyo." Akaitika, "Iko." Akaongeza jambo refu, akiinua mkono mara kuelekea juu, mara kuelekea mlangoni. Kijana akalitafsiri: "Anasema karibu sana." Nikamwambia, "Mdogo wangu, karibu gani hiyo yenye mikono mingi namna hii?" Akacheka, akasalimu amri. Mama alikuwa anasema paa linavuja tangu masika, na kwamba magari yakifuatana kutwa hivi hapati nafasi ya kulikandika.

Hapo ndipo mgeni anayesema Kiswahili anapoivuruga ratiba. Maonyesho haya yalipangwa kwa watu wasioweza kuuliza la pili. Kundi lililotutangulia, Wajerumani nadhani, lilikuwa limesimuliwa kwamba kijana hapati mke mpaka aue simba. Kwangu kijana aliiruka habari hiyo. Nilipoidai, akanitazama kama aliyeshikwa na mwalimu. "Kaka, simba ukimgusa siku hizi unafungwa." Basi tukaacha simba tukazungumza mengine: matokeo yake ya kidato cha nne, bei ya mtamba, kaka yake aliye mlinzi Mikocheni na ambaye hutuma hela kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mazungumzo yalikuwa matamu kuliko maonyesho, na hayakuwa kwenye ada.

Tena wengi wetu tunamjua Mmasai kabla ya kukanyaga Ngorongoro. Ndiye anayelinda geti usiku akiwa na rungu na redio ndogo. Ndiye anayesuka rasta, anayeuza dawa za mizizi stendi, anayetembeza mikufu ufukweni Nungwi. Katambuga zake za matairi tumezivaa. Tumemtungia vichekesho vingi kuliko kabila jingine lolote, na yeye mwenyewe huvisikia. Kwa hiyo Mtanzania anapolipa kuingia boma, analipia kitu cha ajabu kidogo: kumwona jirani yake bila ujirani. Sisemi asiende. Nasema aende akilijua hilo, maana nimesikia ndani ya gari letu wenyewe, watu wa Dar wenye shahada zao, wakinong'ona, "Hivi kweli wanaishi hivi?" kwa sauti ileile ya mtalii wa Munich.

Swali la "kweli" lina njaa isiyoshibishika. Mtu akiona simu chini ya lubega huhisi ametapeliwa. Akisikia kwamba baadhi ya familia hurudi jioni kwenye boma lao la ndani zaidi, kwenye mifugo, hutaka arudishiwe hela. Lakini shanga zenyewe zilikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na kwa miaka mingi zile nzuri zilitoka Jablonec, mji wa vioo katika nchi ambayo leo ni Cheki. Siku hizi nyingine hutoka China. Shuka za miraba ni za kiwandani, kabla yake zilivaliwa ngozi. Na nani wa pwani atamcheka Mmasai kwa hilo, wakati kanga zetu zilichapishwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, na bado bibi harusi hafungiwi sanduku bila kanga? Kazi ya mikono ya yule mama ipo katika namna rangi zinavyopangana, nyeupe baada ya nyekundu, buluu baada ya machungwa, na ukimuuliza atakwambia kwa nini hii ni ya mke wa mtu na ile ya msichana. Hilo ni la kwake.

Kinachonikera mimi kipo kwingine. Darasa la chekechea linanikera. Watoto huimba alfabeti ya Kiingereza gari la kwanza likifika, huimba tena la pili likifika, mwalimu akiwa na fimbo ubaoni, na karibu na mlango kuna sanduku la michango. Mtoto anayekatizwa somo kila mgeni anapochungulia hasomi, anafanya kazi, na ni kazi ambayo hakuna aliyeipatana naye. Wazazi wana sababu zao, na hela ya sanduku huenda ikanunua madaftari kweli. Hata hivyo ningependa kipande hiki kitoke katika ratiba, na wageni wakikataa kwa adabu kuingia darasani kitatoka chenyewe.

Halafu kuna hela. Malalamiko kwamba dereva hubaki na sehemu ya ada kabla haijafika kwa wazee wa boma yamesikika Ngorongoro na upande wa Maasai Mara, Kenya, kwa miaka mingi. Dereva ana nguvu kwa sababu moja tu, usukani ni wake. Boma likimbishia, kesho atasimama kwenye boma la mbele, na wageni wake hawatajua kwamba kulikuwa na jingine. Nimewahi kusafiri na dereva aliyesema ada imeshalipwa ofisini, na mzee wa boma akasema hajaiona. Walijadiliana pembeni kwa muda mrefu, sisi tukiwa tumeshaanza kurukishwa. Dawa yake ni rahisi hadi inachekesha: mgeni ashuke na hela mkononi, amuulize dereva kimyakimya ni kiasi gani, na ampe mzee wa boma mwenyewe mbele ya watu. Na kama ni shanga, zinunuliwe kwa mama aliyeketi nyuma ya meza, siyo kwa kijana anayesema "zote ni za ushirika." Huenda kweli ni za ushirika. Mama atakwambia.

Kulipia kutazama watu hakukuanzia kwetu wala hakukuanza juzi. Mwaka 1896, kwenye maonyesho makubwa ya viwanda mjini Berlin, Wajerumani walijenga vijiji katika bustani ya Treptow na kuwaleta zaidi ya watu 100 kutoka makoloni yao wakae humo kwa miezi, wakitazamwa. Walikuwamo Waswahili na Wamasai kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuwamo pia Kwelle Ndumbe wa Kamerun, aliyejulikana kwa jina la Bismarck Bell, ambaye alijinunulia darubini ndogo ya tamthilia na kuanza kuwatazama watazamaji. Karibu nasi zaidi, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, familia ya walowezi Waingereza iliyoitwa Mayers iliwachezesha Wamasai mbele ya watalii, kisha watalii wakapelekwa kunywa chai na vitafunio kwenye nyasi za nyumbani kwao. Biashara hiyo ilianza mwaka 1968, na serikali ya Kenya ikaifunga miaka ya 1980. Pale mpangaji wa ratiba alijulikana, mwenye bustani. Ngorongoro leo ratiba ni ya Wamasai wenyewe zaidi kuliko ilivyopata kuwa kwa akina Mayers, na hilo si jambo dogo.

Ila ardhi iliyo chini ya ratiba ni hadithi nyingine. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti ili ibaki hifadhi ya wanyama peke yao, nao wakaahidiwa kuishi na mifugo yao Ngorongoro. Tangu hapo wamekatazwa kulima, wakaruhusiwa, wakakatazwa tena. Serikali husema walikuwa watu kama 8,000 wakati ule na sasa wamezidi 100,000, na kwamba eneo halihimili. Kuanzia Juni 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari, wengine wakisema hiari ipi, Ngorongoro ikiachwa bila zahanati. Agosti 2024 maelfu walitoka wakaziba barabara hiihii ya kwenda Serengeti, magari ya watalii yakasimama kwa foleni. Lubega zilikuwa zilezile, marungu yaleyale, nyimbo pia. Wageni waliokuwa kwenye magari hawakuwa na kijana wa kuwatafsiria.

Nimefikiri mara kwa mara kuhusu watu kuondolewa kwenye ardhi yao na kubaki kutazamwa, kwa sababu kuna mahali jambo hilo limefika mbali zaidi. Kusini magharibi mwa Uganda, Wabatwa walitolewa kwenye misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991 ilipofanywa kuwa hifadhi za taifa. Miaka 20 baadaye Mgahinga ilianzisha matembezi ya utalii ambamo Wabatwa huwaongoza wageni kwenye msitu huohuo, wakiwaonyesha jinsi walivyotega, walivyorina asali, walivyowasha moto, hadi kwenye pango la Garama ambako wanawake huimba gizani. Jioni mgeni hurudi hotelini na Mbatwa hutoka nje ya mpaka. Kuna wanaosema afadhali hivyo kuliko kutouona msitu kabisa, na wanaosema hivyo ni pamoja na Wabatwa.

Kwetu, mtu akichoka na maboma ya barabarani husikia kwamba "asili yenyewe" iko Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Huamshwa Mang'ola saa kumi usiku, apelekwe porini, awakute wanaume wakiota moto na kunyoosha mishale. Kisha wanaondoka kuwinda, nao huenda kasi. Hawamngoji mwenye viatu vizito. Kama moto wa Ngorongoro, uwindaji huu unaweza kushindikana, na mara nyingi hurudi na ndege mmoja au kuchakulo. Njiani kurudi mtapelekwa kwa wahunzi wa Kidatoga wanaoyeyusha makufuli na koki kuukuu kutengeneza vikuku, nao hufua vichwa vya mishale ambavyo Mhadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali. Biashara hiyo kati ya majirani ni ya siku nyingi kuliko utalii, na kwangu ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Lakini kuna jambo watembezaji hawalisemi kwenye gari: noti za watalii zinazotolewa ovyo kambini huishia haraka kwenye pombe ya vilabuni Mang'ola, na wanyama wa karibu na kambi zinazotembelewa kila siku hawabaki. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, walioshika hati za kimila za ardhi yao mwaka 2011 na kuanza kulipwa kwa kutunza misitu kupitia mradi wa kaboni, wana njia ya kupata hela ambayo haimtaki mtu atazamwe. Ukienda Eyasi, ulizia kwanza kama ada inakwenda kwa kijiji au kwa mtu, na usitoe chochote mkononi porini.

Mahali ninapowapeleka marafiki zangu wenyewe, wakiniuliza, ni Bujora, kilomita kama 20 kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma. Padri David Clement, Mkanada, alianza kukusanya pale vyombo na ngoma za Wasukuma miaka ya 1950, na makumbusho yake yana jengo lenye umbo la kiti cha enzi na ngoma kuu za watemi. Siku za kawaida ni kimya, na mtembezaji atakuchukua polepole. Lakini Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu, hucheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kimoja na upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo umati hauketi. Unakimbia. Chama kikitoa chatu shingoni mwa mchezaji, watu wanahama. Kingine kikirusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo mmoja, wanarudi. Wazee wanasema dawa inatumika, na vijana wanasema ni mazoezi. Mgeni anayesimama pembeni na kamera yake hajaliwi na mtu, maana mtu ambaye hajui nani alishinda mwaka jana kura yake haina uzito, na asipojiangalia umati utampitia. Watazamaji wenyewe ndio wenye mchezo, na wengi wao wamekuja kwa baiskeli kutoka vijiji vya Magu na Misungwi.

Kutoka Mwanza daladala za Kisesa zipo asubuhi hadi jioni. Mkishuka Kisesa, chukueni bodaboda na mtaje Bujora tu. Wakati wa Bulabo nauli hupanda, na hapo napo mpatane.